Warithi wa Hukumu: Safari ya Mariashoni hadi Arusha na Kurudi

Jumamosi, 3 Agosti 2024. Nakuru, Nessuit, Mariashoni

Tumeondoka Nakuru saa mbili na nusu asubuhi, watu kumi na wanne ndani ya Nissan moja: vijana kumi na wawili, dereva na mimi. Sita ni Waogiek wa Msitu wa Mau, wanne ni Waendorois wa Ziwa Bogoria, mmoja ni Msengwer wa Embobut na mmoja ni Ilchamus wa kando ya Ziwa Baringo. Mdogo wao ana miaka 18, mkubwa ana 24.

Kwa miaka mingi nimefundisha haki za binadamu katika kumbi za hoteli. Kijana anaketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, anaandika vifungu, anapokea nauli, anarudi kijijini. Ukimkuta baada ya miezi mitatu na kumuuliza kifungu kilichomgusa, anatafuta daftari. Mwaka huu nimewaomba wazazi na wazee wanikabidhi vijana wao kwa siku kumi, tukasome haki pale zilipovunjwa, halafu twende tukaione mahakama yenyewe iliyoliandika jambo hilo.

Maana vijana hawa ni warithi, ingawa hakuna aliyewaambia. Waendorois walipeleka kesi yao ya kuondolewa kwenye ardhi ya mababu Banjul, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mwaka 2003, na uamuzi wa Tume ukatangazwa Februari 2010. Waogiek walipata hukumu yao kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia tarehe 23 Juni 2022. Aliye mdogo ndani ya gari hili alizaliwa kesi ya Bogoria ikiwa tayari na miaka mitatu. Wazee waliotoa ushahidi wanaondoka mmoja mmoja. Mzee akifa, mashamba na mifugo hugawanywa mbele ya ukoo. Hukumu je, nani anaigawa?

Njoro tumenunua mikate, sukari na majani ya chai, kwani mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu. Nessuit tumesimama kwa muda. Hapo ndipo mwaka 2006 wazee wa Kiogiek walipojenga ramani ya Mau yenye vilima na mabonde yake, mfano wa kadibodi uliowekwa mezani, wanafunzi wakisaidia kuunganisha tabaka na wazee wakitaja kila mto, kila bonde na mpaka wa kila ukoo kwa jina lake. Kijana mmoja wa hapa alinionyesha kwa mikono jinsi meza ilivyokuwa kubwa, kama alivyohadithiwa na mama yake. Nikamwomba ataje mito mitano aliyosimuliwa. Alitaja miwili, akanyamaza, akatazama chini. Sikumsukuma.

Baada ya hapo barabara ni udongo, na mvua ya jana iliifanya utelezi. Tumeshuka mara mbili kusukuma. Mariashoni tumefika alasiri, ukungu ukiteremka juu ya mitarakwa iliyobaki. Usiku perere wanalia msituni, sauti ya kukwaruza inayopanda mpaka ikageuka ukelele, na kijana wa Ilchamus, aliyezoea mbu na viboko, hakupata usingizi.

Jumapili, 4 Agosti. Mariashoni

Leo ni siku niliyoingojea. Tumeketi uwanjani kwa kogo mmoja, nyanya wa binti wa miaka 19 aliye katika kundi letu. Kogo ana shali ya bluu, na sauti yake haipandishi hata anapokasirika.

Nilianza na kamba. Ninaitandika kamba ndefu kwenye nyasi, kila mtu anafunga fundo palipo na tukio, na anayefunga lazima aseme aliyemsimulia. Fundo la kwanza lilifungwa na mzee wa jirani: miaka ya 1930, Tume ya Ardhi ya wakoloni, ile ya Carter, ilipopendekeza watu iliowaita Wadorobo waingizwe katika hifadhi za makabila jirani. Vijana walidhani Dorobo ni jina la zamani tu. Mzee akawaeleza kwamba limetokana na Kimaasai, kumtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. «Walitupa jina la ufukara,» akasema, «kisha wakasema fukara hana ardhi.» Fundo lingine likawa Oktoba 2009, notisi ya siku thelathini ya kuhama Mau, iliyowafanya Waogiek wakimbilie Tume ya Afrika mwezi uliofuata. La mwisho lilifungwa na kijana wa Sasimwani, upande wa Narok, Novemba 2023. Alilifunga kwa nguvu, akasema, «Hili sikusimuliwa na mtu.» Nyumba yao ilibomolewa siku hizo. Nilimwacha akae kimya alivyotaka.

Mzee yule alichukua fimbo akawachorea konoito: kipande cha ukoo kinachopanda kutoka nyanda za chini hadi msitu wa juu, ili ukoo uhame na maua, mizinga ikitundikwa kila tabaka kwa majira yake. Tazama, akasema, ukimhamisha mtu mpaka tambarare ukampa ekari mbili, umempa ardhi na umemnyima mwaka mzima wa asali. Nimesoma maandishi mengi ya wanasheria kuhusu uhusiano wa watu na ardhi, na ufafanuzi wa fimbo ile umeyapita.

Kisha tukafungua Katiba ya Kenya ya 2010, na hapa ndipo vijana walipochangamka. Niligawa kundi. Wa kwanza walishika Kifungu cha 62, kinachosema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Wa pili walishika Kifungu cha 63, kinachosema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi ya mababu na zile zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na warina asali. Msitu ni mmoja, na vifungu viwili vinaupigania. Nilimweka kijana wa Sasimwani kwa makusudi upande wa 62, autetee ule upande uliomuumiza. Alikataa kwanza. Baadaye akasimama, akasema maji ya Mau yanalisha mito hadi maziwa ya mbali, na kwamba mamilioni wanayategemea. Alisema vizuri mno hata wenzake wakaguna. Mjukuu wa kogo akajibu kwamba Kifungu cha 62 chenyewe kinaitoa misitu ya jamii katika hesabu yake, akakisoma mstari kwa mstari, na kwamba Mahakama ya Arusha ilikwisha kusema haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau. Uharibifu ulitokana zaidi na uvamizi wa wengine, na serikali kukata vipande vya msitu na kutoa vibali vya ukataji miti. Kijana anayeweza kueleza hoja ya mpinzani wake bila kuikejeli, huyo naweza kumpeleka mbele ya kamati yoyote.

Kogo alikuwa akisikiliza huku akichambua mboga. Akamwita mjukuu wake.

«Hiyo hukumu. Tulishitaki mambo mangapi?»

«Manane, kogo.»

«Mahakama ilikubali mangapi?»

«Saba.»

«Na lile moja?»

Binti akasema ni Kifungu cha 4 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, haki ya uhai. Kogo akaacha mboga. «Kwa nini walikataa uhai?»

Binti alinitazama. Nami ningeweza kujibu, lakini nilijua jibu ni refu na gumu, na nilitaka alitafute mwenyewe. Nikamwambia aandike swali, tutalibeba hadi Arusha. Aliliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, kwa Kiogiek kwanza, chini yake Kiswahili.

Jumatatu, 5 Agosti. Njia ya Loboi

Siku ya barabara. Tumeshuka Mau kwenye baridi ya jaketi, tumevuka Ikweta Mogotio, na kufika Marigat jua likiwaka kama tanuri. Kwa kilomita zisizozidi mia na hamsini Bonde la Ufa linakubadilishia nchi tatu. Jioni tumelala Loboi kwa mwenyeji wa Kiendorois. Maziwa lala yenye mkaa kwenye kibuyu, ugali, sukuma. Hakuna la ziada la kuandika ila joto.

Jumanne, 6 Agosti. Ziwa Bogoria na Ngambo

Tumefika ziwani kabla ya saa moja. Chemchemi za maji moto zinatoa mvuke, na heroe wako mbali, mstari wa waridi ukingoni. Ziwa lenyewe limepanda. Mwaka 2020 lilimeza lango na barabara, na binti wa Loboi alituonyesha mapaa yaliyobaki kama visanduku majini.

Aliyetufundisha leo ni binti huyo, si mimi. Alisimama kwenye jiwe akaeleza kwamba kwa Waendorois roho za waliokufa, popote walipozikwa, huishi ndani ya ziwa hili, na kwamba ibada za mwaka hufanyika hapa. Mwaka 1973 eneo likatangazwa hifadhi ya wanyama. Watu wakahamishiwa penye ukame, wakapoteza malisho na chumvi ya mifugo. Kisha akasoma alichokiandika kwa mkono wake kuhusu uamuzi wa 2010: kwamba serikali itambue umiliki wa Waendorois na kuwarudishia ardhi ya mababu, iwaruhusu kufika ziwani bila vikwazo kwa ibada na malisho, ilipe fidia, iwape mrabaha wa mapato na ajira ndani ya hifadhi. Mwaka 2011 ziwa likaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na Nakuru na Elementaita, mwaka mmoja tu baada ya uamuzi kusema wenyewe washirikishwe, na hawakuombwa ridhaa. Aliposoma hapo sauti ilimkatika, akasubiri, akaendelea.

Nikawauliza wangapi wamevaa jinzi. Tisa. Nikawasimulia jinsi miaka ya 1990 watafiti walivyochukua vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Bogoria likiwamo, na jinsi kampuni ya nje ilivyotengeneza kimeng'enya kinachokipa kitambaa cha jinzi ule mwonekano wa kuchakaa. Shirika la Wanyamapori likadai haki yake baadaye. Waendorois waliotunza ziwa hawakuwa mezani. Kijana wa Embobut alitazama mapaja ya suruali yake kwa muda mrefu. Tangu hapo Waendorois wameandika itifaki yao ya kijamii kuhusu nani aingie, aombe vipi, na faida igawanywe vipi, na kwa maoni yangu itifaki hiyo ni kitabu cha kiada kuliko chochote nilichopewa na wafadhili.

Tumefanya igizo la ridhaa. Wanne ni kampuni inayotaka kuchimba jotoardhi, wengine ni kijiji. Kampuni ilikuja na soda na karatasi ya mahudhurio. Kijiji kikatia saini ya mahudhurio, na kampuni ikaondoka na karatasi ile kama idhini. Tuliporudia mara ya pili, binti wa Mariashoni, mjukuu wa kogo, alikataa kutia saini mpaka juu ya karatasi paandikwe kwa maneno makubwa kwamba waliohudhuria hawajakubali wala kukataa. Mama mwenyeji wetu, aliyekuwa ameegemea mti, akasema neno ambalo wote waliliandika: «Mgeni akiuliza mlango uko wapi wakati ameshapita dirishani, huyo hakuuliza.» Nimekuwa nikihangaika miaka na tafsiri ya «ridhaa huru, ya mapema, baada ya kuelezwa». Kuanzia leo nitaanza na dirisha.

Kabla ya chakula waliandika barua moja ya kweli. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, nayo ijibu ndani ya siku 21. Waendorois wanne waliuliza mapato ya lango la hifadhi kwa miaka mitano na matumizi yake. Mara ya kwanza waliandika «tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa». Tulijadili sentensi hiyo robo saa nzima. Heshima ni yetu, hatuiachi. Lakini mtu haombi kwa magoti kile alicho nacho. Wakaandika: «Kwa heshima, tunatumia haki yetu chini ya Kifungu cha 35.» Wanne wakatia saini, na nambari zao za kitambulisho.

Alasiri tumekwenda Ngambo kwa Wailchamus. Njia nzima ni mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo miaka ya 1980 uzuie jangwa, ukateka malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Kijana wetu wa hapa alisimulia kwa fahari jinsi watu wake walivyomchukua mbuzi kibogoyo hadi Mahakama Kuu Nairobi awe kielelezo. Wenzake hawakuamini mpaka mzee akathibitisha. Ushahidi ni ule unaoweza kuoneka, mzee akasema, na mdomo wa mbuzi ulionekana.

Jumatano, 7 Agosti. Marigat hadi Namanga

Saa kumi na tatu barabarani, pamoja na foleni na gurudumu lililopasuka karibu na Gilgil.

Nyuma ya gari walibishana kuhusu maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha. Watatu wao walikuwa Nakuru mjini tarehe 25. Wote walikuwa wamesoma Mswada wa Fedha kwenye simu, kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng', kwa Kikalenjin. Kisha kijana wa Sasimwani akasema kwa sauti ya chini, «Mswada wa Fedha niliusoma kwa siku mbili. Hukumu ya nyumbani kwetu ina miaka saba na sijawahi kuifungua.» Gari likawa kimya hadi Mlolongo.

Nakala tuliyo nayo ni ya Kiingereza cha mahakama. Binti wa Mariashoni akaitoa, wakagawana kurasa kwa tochi za simu, kila mmoja afupishe zake kwa Kiswahili. Sikuwaagiza.

Alhamisi, 8 Agosti. Namanga hadi Arusha

Namanga wanane wamevuka kwa pasipoti na wanne kwa vibali vya muda tulivyovishughulikia wiki mbili kabla. Wawili kati yao kitambulisho cha taifa kiliwachukua zaidi ya mwaka, wakiulizwa maswali ya asili yao ambayo mtoto wa mjini haulizwi. Tulipotoka upande wa pili, kijana wa Embobut alikaa na kibali mkononi hadi Longido.

Tanzania ni sikukuu ya Nane Nane, ya wakulima. Nilitazama mabango ya mahindi na trekta barabarani nikiwaza kwamba warina asali, wafugaji na wawindaji hawana siku yao katika kalenda zetu.

Arusha tumekaribishwa na vijana wenyeji, Wamaasai wawili na Mhadzabe mmoja wa upande wa Eyasi. Tumekula ndizi nyama, tumesalimiana kwa Maa, supa na ipa, na kijana wa Ilchamus akagundua anaelewana na Wamaasai bila mkalimani. Wenyeji wanasema ibara, sisi tunasema kifungu.

Mhadzabe alitoa picha ya hati kwenye simu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, eneo la takriban hekta 20,000. Hawakwenda mahakamani. Walipitia kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, wilaya. Waogiek waliikuza picha ile mpaka mihuri ikaonekana. Wao wana hukumu ya mahakama ya bara zima na hawana hati. Huyu hana hukumu, na hati anayo. Nilitamani niwape maelezo ya haraka, nikajizuia, kwa kuwa maswali waliyoanza kuulizana yalikuwa bora kuliko maelezo yangu: nani aliandika mipaka, wanawake walikuwa wangapi kikaoni, nani analinda mvamizi asiingie, hati iko wapi sasa hivi, kwenye sanduku la nani.

Tulibishana pia juu ya jina. Kijana wa Kimaasai akasema, kwao wakitamka «watu wa asili» wanajibiwa kwamba kila Mwafrika ni wa asili. Ni hoja ninayoikuta kila mahali, na haistahili kudharauliwa. Tumesoma vigezo ambavyo Mahakama ilivitumia kwa Waogiek: kutangulia katika eneo, kuendeleza kwa hiari utamaduni wa kipekee, kujitambua na kutambuliwa na wengine, na kuonewa au kutengwa. Anayetajwa humo hapewi cheo juu ya jirani yake. Anatambuliwa kwamba sheria za kawaida zilimpita. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipopigiwa kura tarehe 13 Septemba 2007, nchi 144 ziliunga mkono, 4 zikapinga na 11 hazikupiga upande wowote, Kenya ikiwa miongoni mwa hizo 11. Binti wa Loboi aliuliza mwakilishi wa Kenya siku hiyo alikuwa amewahi kufika Bogoria. Hakuna aliyemjibu.

Ijumaa, 9 Agosti. Mahakamani

Leo ni Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili. Tumevaa vizuri. Waogiek wawili wamebeba ngozi za bibi zao mabegani, kijana wa Ilchamus na Wamaasai shanga.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko kando ya barabara ya kwenda Dodoma. Hakukuwa na kikao. Ofisa mmoja alitupokea kwa upole, akatueleza kwa Kiswahili kizuri. Vijana walitaka kusimama pale waliposimama wazee wao kutoa ushahidi, na hapo wakajua kwamba kesi ilisikilizwa Addis Ababa, tarehe 27 na 28 Novemba 2014. Arusha ndipo ilipotangazwa hukumu. Niliona nyuso zikishuka kidogo. Hata hivyo ofisa akawaambia mahali pa jaji ni pale, mahali pa mdai pale, na kijana wa Sasimwani akaenda akasimama pa mdai, mikono mgongoni, bila kusema kitu.

Waliuliza kwa nini Waogiek hawakuja hapa moja kwa moja. Kenya iliridhia itifaki ya Mahakama lakini haijatoa tamko la kumruhusu mtu binafsi au shirika kushitaki, kwa hiyo Waogiek walipeleka malalamiko Banjul, na Tume ndiyo iliyoifikisha kesi Arusha Julai 2012. Waliuliza nini kinatokea nchi isipotekeleza. Ofisa akaeleza kwamba nchi zimejifunga kutii, Baraza la Mawaziri la Umoja wa Afrika lina kazi ya kufuatilia, na kila mwaka Mahakama hutoa ripoti inayotaja kesi ambazo nchi haikutekeleza. Hukumu haiozi, akasema. Haina tarehe ya kuisha.

Wakasoma ya 2022 waziwazi. Shilingi 57,850,000 za Kenya kwa hasara ya mali, shilingi 100,000,000 kwa maumivu, fedha ziende kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii, mipaka ipimwe na hatimiliki ya pamoja itolewe ndani ya miaka miwili. Miaka miwili ilitimia Juni hii. Mahakama ilikataa ombi la kuitaka serikali iombe radhi hadharani na ombi la mnara wa kumbukumbu. Kijana mmoja alisema fedha angeziacha, radhi ndiyo aliyoitaka kwa ajili ya babu yake.

Baada ya chakula tuliketi chini ya mti. Binti wa Mariashoni akafungua sehemu ya Kifungu cha 4. Alisoma peke yake mara mbili, akanyosha mkono kuomba kamusi, akasoma tena. Kisha akawaeleza wenzake. Mahakama ilikubali kwamba kumfukuza mtu kwenye ardhi yake kunaweza kuathiri maisha yake ya staha. Lakini ikasema kifungu hiki kinalinda uhai wa mwili, pumzi yenyewe, na kwamba haikuthibitishwa kuwa kufukuzwa ndiko kulikosababisha vifo vilivyodaiwa. Kwa hiyo hapo Kenya haikuvunja.

Mjadala ulikwenda hadi jua likapoa. Mwendorois mmoja aliona Mahakama iko sahihi: ukidai kifo lete cheti, lete jina, lete tarehe, na wazee wetu hawakuandika. Sasa tuandike. Kijana wa Embobut akauliza, mtu aliyefukuzwa msituni akafa kwa nimonia tambarare, kwenye kibanda cha nailoni, cheti chake kitaandika nini? Nimonia. Mjukuu wa kogo hakuingia upande wowote. Alikuwa akitafuta namna ya kusema «uhai wa mwili» kwa Kiogiek, na kila neno aliloliweka lilikuwa pia na maana ya kukaa, ya nyumba, ya msimu mwema. Alifuta mara tano. Nilikaa karibu naye nikiwa nimejaa kitu nisichoweza kukiita furaha wala huzuni, kwa sababu nilikuwa namwona mtu akikua.

Jumamosi na Jumapili, 10 na 11 Agosti. Kurudi

Tumerudi kwa njia ile ile. Waendorois na kijana wa Ilchamus walituaga Nakuru. Barua yao ya mapato tuliituma Jumatano kutoka Marigat. Wamekwisha kuhesabu siku ya 21 na kuamua nani atakwenda ofisini siku hiyo. Msengwer ameomba kamba yangu ya mafundo aende nayo Embobut. Nimempa.

Jumatatu, 12 Agosti. Mariashoni

Kogo ametungoja na chai. Wazee saba wamekuja, na wanawake wengi kuliko nilivyotarajia. Kwa desturi wazee huzungumza kwanza, nao walizungumza, polepole, mpaka mzee wa fimbo akasema, «Sasa waliotoka safari.»

Binti alisimama. Alieleza njia ya kesi kutoka Mau hadi Banjul hadi Addis hadi Arusha, bila kusoma. Alitaja ile miaka miwili ya hatimiliki iliyokwisha kupita. Alisema hukumu haiozi, na wanaume wawili wakanong'onezana. Kisha akafika kwenye swali la bibi yake. Alisimulia ilichokisema Mahakama kuhusu uhai, kwa haki kabisa, kama vile yule jaji angekuwepo. Akasema pia kwamba neno lile la Kiogiek limemshinda kuligawa.

Kogo alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, «Hao majaji, walisema mtu anaishi kwa pumzi tu?»

«Katika kifungu hicho, ndiyo, kogo.»

«Wewe una hiyo karatasi yao?»

«Ninayo.»

«Pembeni pana nafasi?»

Binti akaigeuza nakala, akatazama. «Ipo.»

«Andika hapo kwamba mimi nimekataa. Na sababu nitakueleza, uandike yote.»

Alieleza. Ilichukua chai ya vikombe viwili, na ilikuwa na majina matatu ya watu, mahali walipolala mara ya mwisho, na mwezi uliokuwa. Binti aliandika pembeni, akageuza karatasi, akaandika nyuma, akaweka tarehe ya leo. Kogo akachovya kidole gumba kwenye wino wa kalamu uliovuja, akakikandamiza chini ya maandishi.

«Sasa soma kinachofuata,» akasema.